Mcheza Kwao Hutuzwa: Je, Helen Alicheza Kwao?

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii hufundishwa shuleni kila mwaka, na maelezo yake huwa ni yale yale: atendaye jambo jema mbele ya watu wake hapati hasara, kwa kuwa watu hao humtambua na kumpa haki yake. Ni nadra mwalimu kumwuliza mwanafunzi swali la pili ambalo methali yenyewe inalidokeza. Je, anayecheza ugenini hupata nini? Na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba mahali fulani ni kwao mtu au si kwao?

Maswali haya hunijia kila ninapofikiria maisha ya kisanaa ya Helen, mcheza densi na mwigizaji ambaye kwa zaidi ya miaka 20, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa ndiye sura ya mwanamke mwovu katika filamu za Kihindi. Mashujaa wa kike walibadilika mwaka hadi mwaka. Mwovu alibaki mmoja. Nia yangu katika makala haya si kusimulia umbeya wa waigizaji, bali kuonyesha jinsi jamii inavyomuunda mwanamke mbaya kwa kutumia lugha, hasa jina na sauti, na kisha kuuliza sisi tunaofundisha na kusoma fasihi tuna funzo gani hapo.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiingereza, na hata katika Kihindi cha watu wa sinema, mhusika wa aina hii huitwa ‘vamp’. Neno hili ni kifupi cha ‘vampire’, yaani lile zimwi la hadithi za Ulaya linalotoka kaburini usiku likanyonya damu ya walio hai. Lilienea kwa maana ya mwanamke wa sinema kuanzia mwaka 1915, wakati Theda Bara wa Marekani alipoigiza mwanamke anayemteka mume wa mtu na kumwangamiza katika filamu ya A Fool There Was. Tangu hapo kila mwanamke wa filamu aliyevuta sigara, akanywa pombe na kumkodolea macho mwanamume asiye wake alikuwa, kwa istilahi hiyo, mnyonyaji wa damu.

Kiswahili nacho kina neno lake la kutisha linalokaribiana na hilo, nalo ni mumiani. Mwanafunzi anayedhani kwamba neno hili lilizaliwa kijijini kwao atashangaa kusikia kwamba asili yake ni Kiajemi, na kwamba lilivuka Bahari ya Hindi pamoja na bidhaa na dawa za wafanyabiashara. Hapo awali lilitaja dawa nyeusi iliyofanana na lami. Baadaye watu wakasema dawa hiyo imetengenezwa kwa damu ya binadamu, na hatimaye neno likawa jina la mtu anayeiwinda damu hiyo. Tena twajua kutokana na masimulizi ya enzi ya ukoloni kwamba mumiani hakuwa jirani yako. Alikuwa mgeni, au mtu aliyetumwa na mgeni. Hili ni jambo la kutiliwa maanani. Katika lugha nyingi, anayenyonya damu hutoka nje. Jamii haipendi kukubali kwamba uovu umelala nyumbani mwake.

Sasa tutazame majina. Filamu ndefu ya kwanza ya India, Raja Harishchandra ya Dadasaheb Phalke, ilionyeshwa mwaka 1913. Malkia wa hadithi hiyo aliigizwa na mwanamume, Anna Salunke, kwa sababu wanawake waliojali heshima hawakukubali kusimama mbele ya kamera. Nafasi hiyo ikajazwa baadaye na wanawake wa jamii ndogo ndogo, hasa Wayahudi wa asili ya Baghdad na watu wenye damu mchanganyiko ya Kizungu na Kihindi. Walakini hawakuingia na majina yao. Ruby Myers, Myahudi, akawa Sulochana, jina la Kisanskriti lenye maana ya mwenye macho mazuri. Renee Smith akawa Seeta Devi. Kwa kuwa filamu zilikuwa bubu, jina lilitosha kumfanya mgeni awe mwenyeji, na wanawake hawa wakawa mashujaa wanaopendwa.

Mwaka 1931 filamu ya Alam Ara ilileta sauti. Ghafla mwigizaji alitakiwa afungue kinywa na aseme Kihindustani kilichonyooka. Mwanaisimu yeyote ataona uzito wa tukio hilo, kwani lugha iligeuka kuwa mlango wenye bawabu. Baadhi ya waliokuwa malkia wa filamu bubu walijikuta wamebaki nje kwa sababu ya lafudhi. Sulochana alilazimika kwenda kujifunza lugha hiyo upya ili arejee kazini.

Desturi ya kubadili majina haikukoma. Mahjabeen Bano alijulikana ulimwenguni kwa jina la Meena Kumari, Mumtaz Jehan akawa Madhubala, na hata Yusuf Khan, mwanamume, akawa Dilip Kumar. Hawa wote walikuwa Waislamu waliopewa majina yenye sauti ya Kihindu ili shujaa afanane na jinsi walio wengi walivyotaka kujiona. Jina basi halikuwa kitambulisho tu, bali pia cheti cha kuruhusiwa kuwa mwema.

Ndani ya filamu zenyewe majina yalifanya kazi waziwazi zaidi. Katika Shree 420, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1955, kijana maskini anavutwa na wanawake wawili. Mwema, anayeigizwa na Nargis, ni mwalimu na jina lake ni Vidya, yaani elimu. Mwovu anaitwa Maya, neno ambalo katika Kisanskriti ni kiinimacho au ndoto ya udanganyifu. Hata nambari 420 ina maana, kwani ilikuwa nambari ya kifungu cha udanganyifu katika sheria ya adhabu ya India ya wakati huo. Maya aliigizwa na Nadira, Myahudi wa asili ya Baghdad aliyezaliwa kwa jina la Florence Ezekiel. Nadira kwa Kiarabu ni kitu adimu, kutokana na mzizi ule ule uliotupa neno nadra. Huyo ndiye aliyevaa gauni linalometameta na kushika sigara, ilhali Nargis alivaa sari ya pamba.

Helen alikuja kurithi kiti hicho, na yeye alikuja na jina lake kamili. Jina alilozaliwa nalo ni Helen Ann Richardson, na alizaliwa Rangoon, Burma, mwaka 1938. Mama yake alikuwa Mburma, na upande wa baba ulikuwa na damu ya Kizungu. Vita Vikuu vya Pili vilipofika Burma baba alikufa, na mwaka 1943 mama akawachukua watoto wakaanza safari ya miguu kuelekea India kuyakimbia majeshi ya Japani. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe ya baadaye, walikuwa kundi la watu mia kadhaa, wakapita misitu na vijiji vingi bila fedha wala chakula cha kutosha, na walipofika Assam kundi lilikuwa limepungua kiasi cha nusu. Mama yake aliharibikiwa na mimba njiani. Kaka yake mdogo alifariki baadaye huko Calcutta kwa ugonjwa wa ndui. Hatimaye familia ilihamia Bombay, mama akafanya kazi ya uuguzi, na mshahara haukutosha. Helen akaacha shule.

Namwomba msomaji alikumbuke jambo hili kila tunaposonga mbele. Mwanamke ambaye India yote ilimjua kama kielelezo cha anasa alikuwa mkimbizi aliyeingia nchini akiwa mtoto, mwenye njaa na vidonda vya miguu.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Cuckoo, rafiki wa familia na mcheza densi mashuhuri wa miaka ya 1940, ambaye naye alikuwa wa damu mchanganyiko. Alimtafutia nafasi ya kucheza katika kundi la nyuma. Hivyo ndivyo Helen, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alivyoonekana katika Awaara ya mwaka 1951, kichwa kimoja kati ya vichwa vingi. Mwaka 1958, akiwa na miaka 19, alipewa wimbo wake katika Howrah Bridge ya Shakti Samanta. Katika wimbo huo anajitambulisha kwa jina la Kichina la mzaha. Geeta Dutt aliimba, O. P. Nayyar akatunga muziki, na Helen akacheza. Dakika chache hizo zilimtosha kuwa nyota.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka uliotangulia, 1957, filamu ya Mother India ilikuwa imempa Nargis nafasi ya mama mkulima anayeteseka kwa ajili ya ardhi na heshima, kiasi kwamba anamwua mwanawe mwenyewe kuilinda heshima hiyo. Taifa lililopata uhuru mwaka 1947 lilikuwa limejichorea mama yake. Likahitaji pia kumchora yule asiyekuwa mama. Mchina wa mzaha aliyezaliwa Burma, mwenye jina la Kizungu, alikuwa tayari.

Tangu hapo orodha ya majina yake katika filamu inajisomea yenyewe: Kitty, Ruby, Monica, Suzy. Ni majina ya wasichana wa Kikristo, ya Goa na ya watu wa damu mchanganyiko. Mwandishi wa mchezo hakuhitaji kueleza kwamba Ruby anakunywa pombe. Jina lilikwisha kueleza. Katika isimu tunasema kwamba maana nyingine haimo katika neno lenyewe bali katika yale ambayo jamii imezoea kulifungamanisha nayo. Filamu za Bombay zilifungamanisha majina ya jamii nzima na kilabu cha usiku, na ni watu wa jamii hiyo waliolipa gharama.

Tuchukue Gumnaam ya mwaka 1965, filamu iliyompatia Helen pendekezo la tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi. Jina la filamu lina maana ya asiye na jina, au asiyejulikana. Watu kadhaa wamekwama mahali pasipokuwa na wenyeji, na wanauawa mmoja baada ya mwingine. Helen ni Kitty, na shujaa wa kike anaigizwa na Nanda. Kuna mahali ambapo wanawake hawa wawili wanalewa na kuimba pamoja. Kosa ni lile lile na chupa ni ile ile. Lakini Kitty anauawa, naye shujaa anaokoka na kupata mume. Katika Teesri Manzil ya mwaka 1966 Ruby, mcheza densi wa hoteli, anampenda mwanamume anayeigizwa na Shammi Kapoor, na mapenzi yake ni ya kweli kupita kiasi. Anakufa kwa risasi. Katika Don ya mwaka 1978 anaitwa Kamini, mwanamke wa kutamanika, na anamnasa jambazi kwa densi ili kulipiza kisasi cha mchumba wake aliyeuawa. Kusudi lake ni la haki kuliko la polisi wenyewe. Naye pia anapoteza maisha.

Hii ndiyo sarufi ya mhusika huyo. Anaruhusiwa kupenda, hata kujitoa mhanga, mradi asifike mwisho wa hadithi. Tunaweza kumwita mhusika bapa, kwa istilahi tunayowafundisha wanafunzi wetu, lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeeleza umbo na kuuacha udhalimu uliomo ndani yake.

Suala la sauti nalo linastahili kuangaliwa. Kama ilivyo desturi ya filamu za Kihindi, nyimbo haziimbwi na mwigizaji. Huimbwa na mwimbaji aliye nyuma ya pazia, na mwigizaji hufuatisha kwa midomo. Kwa miaka mingi kazi hiyo iligawanywa baina ya ndugu wawili. Lata Mangeshkar, aliyefariki mwaka 2022, aliimbia zaidi mashujaa wema, na sauti yake nyembamba ikawa alama ya usafi. Mdogo wake, Asha Bhosle, ndiye aliyezoeleka kumwimbia mwanamke wa kilabu. Wimbo wa Caravan, filamu ya mwaka 1971, na ule wa Don zote mbili zilimpatia Asha tuzo ya Filmfare ya mwimbaji bora wa kike. Nyimbo hizo zinakumbukwa hadi leo kwa jinsi Helen alivyozicheza. Yeye hakupata tuzo kwa lolote kati ya hayo mawili. Mgawanyo wa sauti nao haukuwa sheria ya maumbile, kwani katika Intaquam ya mwaka 1969 Lata mwenyewe alimwimbia Helen, na sauti ile iliyosifiwa kwa usafi ikatoka kinywani mwa mwovu bila kupasuka. Kumbe usafi haukuwamo kooni, bali katika masikio ya wasikilizaji.

Hata uchi uliomletea lawama haukuwa uchi. Chini ya manyoya na vipande vya nguo vinavyometa, Helen alivaa vazi jembamba la rangi ya ngozi lililombana mwili. Mtazamaji aliyeapa kwamba ameona tumbo na mapaja alikuwa ameona kitambaa. Aliazimwa sauti, nywele na ngozi pia. Kilichokuwa chake ni miguu, mikono, uso na bidii. Na kwa hakika hapo ndipo ulipo ukuu wake. Alifunzwa densi za jadi za India, na akiongozwa mara nyingi na mwelekezi wa densi P. L. Raj, aliunganisha mitindo ya Kihindi, ya Kihispania, ya Kiarabu na ya Kimarekani katika mwili mmoja bila kiungo kimoja kukisaliti kingine. Anayemtazama kwa makini ataona pia kwamba huwa anatabasamu kama mtu anayefurahia kazi yake, hali kwamba mhusika wake alitakiwa aonekane mwenye hila. Tabasamu hilo lilimpa utu mhusika ambaye mwandishi alikuwa amemnyima. Watazamaji waliletwa wamchukie, nao wakatoka wakimpenda.

Ukuu huo haukumkinga na misukosuko ya soko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashujaa wapya kama Zeenat Aman na Parveen Babi walianza kuvaa nguo za Kizungu, kushika glasi na kucheza katika kilabu wakiwa bado ni wapenzi halali wa shujaa wa kiume. Mwovu hakuwa na kazi tena. Katika Sholay ya mwaka 1975, filamu ambayo huenda ndiyo mashuhuri kupita zote za lugha hiyo, Helen anaonekana kwa wimbo mmoja tu kambini mwa majambazi, kisha anatoweka. Mzigo aliokuwa ameubeba peke yake ulipokoma kuwa dhambi, waliupokea wengine wakaufanya pambo. Mwaka 2006 Don ilipotengenezwa upya, nafasi ya Kamini na wimbo wake vilipewa Kareena Kapoor, mmoja wa nyota wakubwa wa siku hizo mwenye asili ya ukoo mashuhuri kabisa wa sinema ya India. Hakuna aliyesema ameshuka hadhi.

Cuckoo, aliyemfungulia Helen mlango, alifariki mwaka 1981 katika ufukara. Helen alinusurika. Mwaka 1979 Mahesh Bhatt alimpa nafasi ya mama katika Lahu Ke Do Rang, na nafasi hiyo ikamletea tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi. Tafsiri ya jina la filamu hiyo ni rangi mbili za damu. Nashindwa kujizuia kuona kinaya kilichomo. Yule aliyeitwa mnyonyaji wa damu kwa miaka 20 alituzwa alipoacha kucheza akawa mama, katika hadithi inayozungumzia damu moja na rangi zake. Mwaka 1981 aliolewa na mwandishi wa filamu Salim Khan, akajiondoa polepole katika kazi, kisha akarudi kama bibi mwenye heshima katika filamu kama vile Khamoshi ya mwaka 1996 na Hum Dil De Chuke Sanam ya mwaka 1999. Mwaka 2006 Jerry Pinto alichapisha kitabu juu ya maisha yake, na mwaka 2009 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Alikuwa na umri wa miaka 70.

Msomaji anaweza kuuliza, haya yatuhusu nini sisi wa Kenya? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, filamu hizi zilikuwa zetu pia. Kwa miongo mingi zilijaza kumbi za Mombasa, Nairobi, Zanzibar na Dar es Salaam, na waliopanga foleni hawakuwa Wahindi peke yao. Mahadhi yake yaliingia hata katika taarabu, na Mohamed Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia sifa kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi. Wengi wa watazamaji hao hawakukijua Kihindi. Walisoma ishara: sari na gauni, nywele zilizosukwa na zilizoachwa, glasi ya maziwa na glasi ya pombe. Maneno yalipotea njiani, lakini kielelezo cha mwanamke mbaya kilifika salama, kwa maana hakikuhitaji mkalimani.

Pili, fasihi yetu ina akina Ruby wake. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, msichana aliyelelewa kwa viboko na baba katili anapotea, na mwisho wake ni kujiua. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Maimuna aliyefungiwa ndani na baba anayejidai mcha Mungu anatoroka, anaishia katika maisha ya baa, na bado mwandishi anampa nafasi ya kuanza upya. Waandishi hawa walikuwa na busara ya kutuonyesha mkono uliomsukuma mwanamke. Mashaka yangu yako katika usomaji wetu. Nimesoma insha nyingi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoulizwa sifa za mhusika kama Maimuna, nao hujibu kwa orodha: mlevi, kahaba, mwenye tamaa, mpotovu. Ushahidi wanaoutoa ni nguo, pombe na jina la baa. Baba yake hupewa sentensi moja. Wamefundishwa kukariri sifa kana kwamba sifa huota mwilini mwa mhusika kama kucha.

Pendekezo langu kwa walimu ni dogo. Kabla ya kumruhusu mwanafunzi aandike kwamba mhusika fulani ni mwovu, na ajibu maswali matatu. Ni nani anayemwita hivyo ndani ya kazi hii? Anamwita kwa lugha ipi, na jina alilopewa linabeba kumbukumbu gani za jamii? Na je, wengine waliotenda jambo lile lile wanaadhibiwa sawa naye? Swali la tatu ndilo linalofichua mengi, kama tulivyoona kwa Kitty na mwenzake katika Gumnaam. Mwanafunzi aliyezoea maswali haya darasani atayauliza pia mtaani, atakaposikia kwamba watu wa kabila fulani ni wezi au kwamba wasichana wa mtaa fulani hawana adabu.

Najua ipo hoja ya upande wa pili. Wapo watakaosema kwamba Helen hakulazimishwa, kwamba alilipwa, na kwamba kila alipokubali jina jingine la Kikristo alizidi kuwachafulia jina wanawake wa jamii hiyo. Hoja hii ina uzito, na si vigumu kufikiria msichana wa Kikristo wa Bombay aliyetazamwa vibaya ofisini kwa sababu ya filamu za Jumamosi. Lakini haki inatutaka tumpime mtu kwa milango iliyokuwa wazi mbele yake. Sinema ya wakati ule ilikuwa tayari kumpokea mgeni kwa masharti mawili: ama aache jina lake awe mwema, au abaki nalo awe mwovu. Sulochana alichagua la kwanza. Helen alibaki na jina lake. Aliyeyaweka masharti hayo ndiye mwenye kuulizwa kwanza, na yeye hakuwa mcheza densi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nirudi basi kwa wahenga. Walisema mcheza kwao hutuzwa, nami nakubaliana nao, ila naona kwamba methali hii imekuwa ikitumiwa kumtazama mchezaji pekee. Ina wajibu pia kwa waliokaa wakitazama. India ilimtazama Helen akicheza tangu mwaka 1951, ikampigia makofi, na ikachukua zaidi ya nusu karne kumpa nishani ya mwenyeji. Ugeni wake haukuwa katika miguu yake, kwa kuwa miguu hiyo ilifika India kwa kutembea, na ikacheza huko maisha yote. Ugeni ulikuwa katika hadithi alizoandikiwa. Nasi tunaoandika hadithi, tunaozifundisha na tunaozitungia maswali ya mtihani, hatuna budi kujiuliza ni akina nani tunaowafanya wageni kwa kalamu zetu, wakati wao wako kwao.